Hodi Katika Nyumba ya Tabata

Rafiki yangu Albano alimaliza chai, akachukua ufunguo aliopewa na Shomari, dalali aliyekua naye mtaa mmoja, akaenda Tabata kufagia nyumba aliyopanga. Kesho yake yeye na wanawe watatu walitakiwa wawe wametoka Sinza, na hawakuwa na pengine pa kwenda.

"Nyumba tupu hiyo, braza. Haijakaliwa miaka miwili," Shomari alikuwa amemwapia alipompa ufunguo.

Umeme ulikuwa umekatika, ukumbini giza. Kwa mazoea tu, Albano akapiga hodi.

"Karibu," sauti ya mwanamke ikaitikia chumbani. Kisha ya mtoto, kutoka jikoni: "Karibu."

Alifungua kila mlango. Hapakuwa na mtu.

Asubuhi alimrudishia Shomari ufunguo bila kusema neno. Shomari aliinamisha uso, akauliza taratibu, "Kwako waliitikia wangapi?"