Mawingu Asiyoyaona Vestina

Asubuhi hiyo Akimana na wenzake walikuwa wakifagia uwanja wa shule yao huko Kumsenga, wilayani Kibondo. Pikipiki iliingia ikiwa na abiria wawili ambao hakuna aliyewatarajia: mzee mmoja na msichana aliyekumbatia begi. Msichana alishuka, akakunjua fimbo nyeupe, akagusagusa ardhi mbele yake.

"Mwakeye," mzee alisalimia kwa Kiha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi Manirambona. Tumehamia hapa kutoka Kasulu. Nimemleta binti yangu, Vestina, aingie darasa la sita."

Kipriani, mvulana aliyependa kuchekesha wenzake, alinong'ona, "Haoni! Ubaoni atasomaje?"

"Sioni, lakini nasikia," Vestina alimjibu. "Hata wewe nimekusikia."

Watoto waliangua kicheko. Kipriani akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Kasulu, Vestina alikuwa na mwalimu aliyejua nukta nundu, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Hapa hakuna aliyeyajua. Mwalimu Ndayikunda, mwalimu wa darasa, alipokea kazi za Vestina na kuziweka kabatini bila kuzisahihisha. Siku moja mzee Manirambona alikuja kulalamika.

"Mwalimu, mtoto anaandika tu, hapewi hata alama. Muhula ukiisha hivi, nitamrudisha nyumbani anisaidie shamba."

Akimana, aliyekaa dawati moja na Vestina, aliyasikia maneno hayo. "Mwalimu," alisema, "nitajifunza maandishi yake. Nitayanakili kwa herufi zetu, nawe utasahihisha."

Walianza kujifunza wakati wa mapumziko, barazani.

"Chukulia mayai sita kwenye trei," Vestina alieleza. "Mawili juu, mawili katikati, mawili chini. Kila herufi ina mayai yake. A ni yai moja tu, la juu kushoto."

Karatasi ngumu iliwekwa ndani ya kibao chenye vidirisha vidogo, kisha nukta zikabonyezwa kwa kalamu ya chuma isiyo na wino. Akimana aliandika jina lake akianzia kushoto, kama alivyozoea. Vestina aliigeuza karatasi, akapitisha kidole, akacheka.

"Hii lugha ya wapi? Tunabonyeza kwa nyuma, mwenzangu. Anzia kulia, ili ukigeuza karatasi isomeke kutoka kushoto."

Vidole vya Akimana vilichelewa kuelewa, kwa hiyo alitumia macho. Aliinamisha karatasi dirishani mpaka kila nukta ikatoa kivuli. Polepole akaweza kusoma maneno, kisha sentensi.

Mwalimu alipotoa insha ya "Siku ya Mvua", Akimana alichukua insha ya Vestina nyumbani ili ainakili asubuhi. Karatasi ilikuwa imejikunja pembeni. Akaiweka chini ya godoro, kama alivyofanya kila siku na sketi yake ya shule. Asubuhi karatasi ilikuwa imenyooka vizuri, na nukta nyingi zilikuwa zimelala. Akimana aliona aibu kusema. Palipofutika, alijaza maneno yake mwenyewe.

Mwalimu aliisoma insha hiyo darasani. "'Niliona mawingu meusi yametanda juu ya kilima...'"

"Kaona mawingu!" Kipriani alipiga kelele. "Kumbe fimbo ni pambo!"

Darasa zima lilicheka. Vestina alisimama. "Mwalimu, sikuandika hivyo. Niliandika kwamba nilisikia mvua ikianzia kwenye migomba ya jirani, halafu ikafika kwenye bati letu."

Mwalimu alimtazama Akimana. Akimana aliinamisha kichwa, asiseme neno.

Tangu siku hiyo Vestina aliitwa Mawingu. Wengine walimwita mwongo. Alianza kumwambia baba yake kwamba hataki tena shule. Akimana alishindwa kuvumilia, akamweleza ukweli.

"Chini ya godoro?" Vestina alishangaa. "Uliilalia insha yangu?"

"Niliilalia. Nisamehe."

Vestina alimshika mkono. "Nitakusamehe, ila niahidi. Andika nilichoandika mimi. Pasiposomeka, niulize. Usiongeze, usipunguze."

"Naahidi."

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa na insha, "Siku Niliyoumia Moyoni". Akimana alipewa karatasi ya Vestina ainakili ofisini, peke yake. Alipofika aya ya pili, mkono ulisimama. *Rafiki yangu Akimana aliharibu karatasi yangu, akaandika maneno yake. Darasa liliponicheka, yeye alikaa...*

Neno lililofuata halikusomeka vizuri. Shuleni hapo hakuna ambaye angejua kama aya ile ingerukwa. Akimana aliitazama kwa muda, kisha akatoka nje.

"Vestina, hapa mwisho umeandika nimekaaje?"

"Kimya," Vestina alijibu.

Akimana alirudi ofisini, akaandika: *kimya*.

Mwalimu Ndayikunda aliposoma, alivua miwani. "Ungeiruka aya hii, nisingejua."

"Niliahidi, mwalimu."

"Nikiisoma darasani watakucheka wewe."

"Najua, mwalimu. Lakini wataacha kumwita mwongo."

Mwalimu aliisoma yote darasani. Alipomaliza, Kipriani akadakia, "Kumbe Mawingu ni Akimana!" Wakacheka sana. Akimana alikaa wima, machozi yakimlengalenga, mpaka kicheko kikaisha.

"Sasa nisikilizeni," mwalimu alisema. "Ukimsomea mwenzako, umeshika sauti yake. Ifikishe kama alivyokupa, hata kama inakusema wewe. Akimana alikosea, na kosa likakua kwa sababu alinyamaza. Leo angeweza kujificha, lakini ametimiza ahadi yake. Na wewe Kipriani, Vestina anakudai neno moja."

Kipriani alisimama, akamgeukia Vestina. "Nisamehe," alisema, safari hii bila mzaha.

Siku ya kufunga shule, mzee Manirambona alikuta insha ya binti yake ina alama za juu kuliko zote darasani. Hakutaja tena habari za shamba. Alimuuliza mwalimu karatasi ngumu zinauzwa wapi.