Njia Iliyoishia Ukutani

Kulikuwa na ukanda mmoja wa sakafu uliolika, na hakuna mtu aliyekuwa akiukanyaga.

Mama Kibonge aliuona siku ile ile walipohamia. Nyumba nzima ilikuwa na sakafu ya mbao ngumu, nyekundu iliyoiva, yenye makovu yake kama mtu mzima yeyote: mikwaruzo ya miguu ya viti, doa jeusi mahali ambapo zamani mtu alisahau pasi ya mkaa. Hayo yalieleweka. Lakini chumbani, kuanzia dirishani hadi ukuta wa pili, mbao zilikuwa zimefifia na kubonyea katikati, kama ngazi za jengo la zamani. Ilikuwa njia kabisa. Ingekuwa imeelekea mlangoni asingeshangaa. Hii iliishia ukutani, mahali pasipo na mlango wala dalili kwamba uliwahi kuwepo.

Mwenye nyumba, mjane mwenye sauti ya chini, alikuwa amewaachia kopo la nta na matambara masafi yaliyokunjwa vizuri. Jambo hilo lilimgusa Mama Kibonge, maana si kila mwenye nyumba humfikiria mpangaji. Mjane akawaonyesha namna ya kupaka nta, kuiacha ikauke, kisha kusugua kwa kufuata mshipa wa mbao. Wasugue kila mahali, alisema, ila kale kanjia ka chumbani wakaache kalivyo. Mama Kibonge alipouliza sababu, yule mama alimshika mkono, akasema kuna vitu vya nyumba mtu hurithi hivyo hivyo, kama pua ya babu. Wakacheka, yakaisha.

Katika ukanda ule kulikuwa na ubao uliolia ukikanyagwa. Baba Kibonge, ambaye ni fundi wa redio na ana masikio ya kazi hiyo, aliusikiliza akasema huyu si ubao, ni bata. Jina likabaki. Bata alilia zaidi mchana, wakati Mama Kibonge yuko sebuleni kwenye cherehani akishona sare za shule, na mtoto amelala chumbani peke yake. *Kwek.* Kimya. *Kwek.* Mumewe alimweleza kwamba mbao nazo hupumua, joto likipanda hutanuka. Alikubali. Mke anayependwa hukubali mengi.

Na tena, mtoto alikuwa halii. Wenzake walihangaika na watoto wao mchana kutwa, wa kwake analazwa tu, anageuza uso dirishani, anatabasamu, analala. Jirani alimtania kwamba mwanawe kazaliwa na yaya wake.

Kisha Kibonge akaanza kutambaa, na kibanzi kutoka kwenye ule ukanda kikamwingia gotini.

Baba yake ndiye aliyekitoa, kwa sindano. Alimpuliza goti, akampuliza tena hata pasipouma. Jumamosi iliyofuata alirudi na mashine ya msasa aliyoazima kwa rafiki yake seremala. Mama Kibonge akamkumbusha, taratibu, neno la mwenye nyumba.

"Neno lake nalijua," alijibu. "Lakini goti ni la mwanangu."

Naye, aliyelibusu goti lile, akamshikia waya wa mashine. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa mapenzi. Baba Kibonge alipiga msasa ule ukanda hadi ukawa sawa na mbao nyingine, akamkaza Bata kwa skrubu, akapaka vanishi chumba kizima. Jioni sakafu iling'aa kama maji. Njia haikuwepo tena.

Kuanzia hapo mtoto hakulala mchana. Alikuwa akitazama dirishani, kisha ukutani, kisha dirishani, halafu analia kilio cha mtu aliyechelewewa na anayemsubiri.

Mama Kibonge akaanza kusikia nyayo. Zilikuwa za miguu mitupu juu ya mbao, *fya, fya, fya*, nazo hazikwenda moja kwa moja. Zilipiga hatua chache, zikasita, zikageuka, kama za mtu anayetafuta kitu alichodondosha gizani. Akiingia, hakuna mtu. Kulikuwa na harufu tu: maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo. Alinusa gauni lake mwenyewe, akaona haya, akalibadilisha. Harufu ikabaki pale pale.

Asubuhi moja, akipangusa, aliona alama za nyayo kwenye ule mng'ao. Zilikuwa nyembamba, zenye vidole virefu mno. Alisugua kwa tambara kavu, kisha kwa maji, kisha akapitisha kidole juu yake. Haukuwa uchafu juu ya vanishi. Vanishi yenyewe ndiyo haikuwepo, imelika hadi kwenye mti, na ilipakwa juzi tu. Nyayo zilizunguka chumba. Kesho yake mzunguko ulikuwa umepungua. Kesho kutwa ulipita karibu kabisa na kitanda cha mtoto.

Alimwonyesha mumewe. Baba Kibonge alichuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu, na hakusema lolote kuhusu mbao kupumua. Alikihamishia kitanda cha mtoto sebuleni, kando ya cherehani.

Mchana uliofuata, jua likiwa utosini, Mama Kibonge alitoka kidogo tu kuanua nepi, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Kilio hakikuwepo. Kulikuwa na *fya, fya* chumbani, na safari hii nyayo zilikwenda polepole, kwa mdundo, jinsi miguu ya kila mama inavyokwenda akiwa anabembeleza, na harufu ya maziwa ilimpokea mlangoni nzito kama blanketi lililolowa, na pale, usawa wa bega la mwanamke, pasipo na bega, alimwona Kibonge amelaza shavu juu ya hewa, mkono mmoja umening'inia, macho yamelegea kwa usingizi mtamu, akibebwa kuelekea ukutani, taratibu, akipapaswa mgongoni na kitu kilichoikunja fulana yake na kuikunjua, akibebwa tu, na ukuta haukumzuia, unyayo wake mmoja ulikuwa umekwisha kuzama humo hadi kwenye kifundo, kama unavyoingia kwenye uji.

Alimrukia mwanawe na kumvuta kifuani, na kwa muda mfupi alihisi upande wa pili nako kunavuta, bila ukali, kama mama wawili wanaogombea kumsaidia mtoto mmoja. Kisha kukaachia. Unyayo wa Kibonge ulikuwa wa baridi, na ulinukia mti mbichi uliokatwa sasa hivi.

Mwenye nyumba alipoambiwa hakulaumu. Alisema kosa ni lake, angewaeleza, ila aliogopa wangemwona kichaa. Akaenda mwenyewe kumleta mganga wa majini, mama mnene mwenye mafua, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa na kuomba radhi kwa kila chafya. Alikaa katikati ya chumba, akafukiza, akasoma alivyosoma. Muda ukapita. Chafya zikakoma. Alipofungua kinywa, sauti haikuwa yake, ilikuwa nyembamba na imechoka.

"Njia yangu iko wapi?"

Baba Kibonge alijikuta amepiga magoti.

Mganga alipozinduka alikunywa maji, akawaeleza kwa kunong'ona, kama asiyetaka kumwamsha mtu. Jini huyu hakuijia nyumba, alikuja na mbao zake. Alikuwa na makao kwenye mti, na mtoto wake mchanga. Mti ulipoangushwa, mtoto hakuonekana tena, naye akaufuata mti hadi hapa. Tangu hapo anatembea na kubembeleza mikono mitupu, kwenda na kurudi. Njia ilikuwa inamshika. Ilimwambia pa kugeukia. Wao wameifuta, sasa hajui ukuta uko wapi wala mtoto ni wa nani.

"Mtoe," Mama Kibonge alisema.

"Nimtoe kwenye sakafu, mwanangu? Labda muing'oe nyumba." Akajifuta pua. "Mrudishieni njia yake."

Basi wakairudisha. Baba Kibonge alikwangua vanishi kwa mchanga na mikono yake, akafungua skrubu za Bata. Kisha wakaanza kutembea, miguu mitupu, dirishani hadi ukutani, ukutani hadi dirishani. Mama Kibonge alitembea na mtoto begani kila alipopata nafasi. Mumewe akitoka kazini, kabla ya kula, alivua viatu na kumpokea zamu, akisema akae, apumzishe miguu. Hata mjane alikuja kutembea, ameshika kiuno. Jirani aliyechungulia dirishani aliuliza wanajiandaa na gwaride gani.

Mbao zikafifia. Bata akalia mchana mmoja, wao wote wakiwa sebuleni, na Mama Kibonge akalia pia, kwa nafuu. Harufu ikaondoka. Wakamrudisha Kibonge chumbani, naye akageuza uso dirishani, akatabasamu, akalala. Kitanda kilikuwa kimewekwa kona ya mbali kabisa na ule ukanda.

Ilikuwa siku ya kupaka nta. Mama Kibonge alipaka kila mahali ila njia, akasugua kwa kufuata mshipa, akifurahia jinsi mti ulivyoamka chini ya tambara. Alipofika kwenye kona, alikivuta kitanda kidogo ili apate nafasi. Mtoto hakuamka.

Ubavuni mwa kitanda, upande wa kichwa, mbao zilikuwa zimelika. Hapakuwa na njia ya kufika pale, wala ya kuondokea. Kulikuwa na nyayo mbili tu, nyembamba, za vidole virefu, zimesimama pamoja, zimeelekea mto wa mtoto. Zilikuwa zimebonyea, jinsi panavyobonyea mahali pa mtu aliyesimama muda mrefu bila kuchoka.

Aliweka kiganja juu yake. Ubao ulikuwa na joto.

Kitandani Kibonge alifungua macho. Alimtazama mama yake, akacheka, kisha akamnyooshea mikono mtu aliyekuwa juu zaidi, nyuma ya bega la mama yake.