Samaki wa Birika

Kila asubuhi Mardhiya aliamka, akaswali, kisha akaingia bafuni na kata yake kuteka maji ya kuoga. Maji yalikuwa kwenye birika, tangi dogo la chokaa lililojengwa ukutani, na ndani yake waliishi visamaki watano. Nyumba nyingi za kale za Lamu zina birika la namna hiyo. Mardhiya hakuwahi kuliona kuwa jambo la kusimulia, mpaka siku ile ya Jumatatu.

Siku hiyo Mwalimu Hadia, aliyewafundisha Sayansi Jumuishi gredi ya saba, aliwapa kazi. "Chagueni maji yaliyosimama nyumbani kwenu. Yatazameni siku saba, hesabuni viluwiluwi vya mbu, mwandike mtakachokiona."

"Mardhiya ataandika samaki," Amjad akasema. "Kwao wanaoga nao."

Darasa zima likacheka. Mardhiya naye alijichekesha, ila uso ulimuwaka. Somo lenyewe hakulipenda. Kwake sayansi ilikuwa majina marefu ya kukariri, na sasa imemletea aibu juu yake.

Alipofika nyumbani aliwavua wale samaki kwa chujio la chai, akawatia kwenye ndoo uani nyuma ya mitungi. Kisha akafungua daftari na kuandika "sufuri" mara saba, Jumatatu hadi Jumapili, kwa mkao mmoja. Kazi ya wiki nzima ikaisha kabla ya adhana ya magharibi. Alijiona mjanja kweli.

Jumamosi asubuhi, mdogo wake Dawud aliamka mwili unachemka. Hakutaka chai wala mahamri, na Dawud kukataa mahamri si jambo dogo. Mama alimbeba akaenda naye hospitali.

Mardhiya alikwenda bafuni kunawa uso. Alipoinua kata, mkono ukasita. Ndani ya maji vijidudu vyembamba vilikuwa vikijinyonganyonga. Akaona kila kitu kwa mara moja: samaki hawapo, mbu wamezaliwa, Dawud ana malaria, na aliyemletea ni yeye.

Alijitupia buibui akakimbia mtaa wa pili kwa Mwalimu Hadia. Akaeleza yote huku analia, samaki, ndoo na zile sufuri saba. Mwalimu hakumkemea. Alivaa viatu wakafuatana.

Bibi yake Mardhiya, Bibi Alawiya, aliwakuta mlangoni mwa bafu. "Karibu, Mwalimu. Kuna nini humo?"

"Bibi, niliwatoa samaki," Mardhiya akasema, macho chini.

"Uliwatoa! Hii ndiyo ndia yetu ya kuzuia mbu tangu zama za wazee. Wewe wadhani tuliwatia wawe pambo?"

Mwalimu Hadia aliomba gilasi, akateka maji, akayainua kwenye mwanga wa dirisha. "Hesabu, Mardhiya. Polepole."

Gilasi baada ya gilasi, alipata arubaini na watatu.

"Yuko mwenye mabawa?"

"Hayuko. Wote wangali viluwiluwi."

"Samaki uliwatoa Jumatatu, na leo Jumamosi. Mbu hutaka wiki au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Tena malaria haimpandishi mtu homa siku ileile aliyoumwa na mbu. Nayo huchukua wiki au zaidi. Sasa niambie, homa ya Dawud imetoka kwenye birika hili?"

Mardhiya alifikiri, akahesabu siku kwa vidole. "Haiwezi," akasema kwa sauti ndogo. Lakini alibaki amesimama ukumbini, masikio mlangoni, mpaka Mama aliporudi.

"Wamempima damu, hana malaria," Mama alisema. "Ni koo tu. Amepewa dawa, na njiani ameshaanza kudai mahamri."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi. Mardhiya aliketi chini palepale akalia tena, safari hii kwa faraja. Kisha alimweleza Mama yote, akaenda uani kuchukua ndoo.

Alitaka kufuta zile sufuri, lakini Mwalimu alimzuia. "Zikate kwa mstari mmoja, zionekane. Pembeni andika kweli."

Samaki walirudi na njaa yao. Jumapili jioni Mardhiya alihesabu viluwiluwi wanne. Jumatatu alfajiri alitazama mara tatu, hata chini kabisa, asimpate hata mmoja, akaandika sufuri. Alichelewa chai kwa ajili ya kutazama, na hakujali.

Darasani alisoma daftari lake lote, uongo na kweli. Amjad hakucheka. Aliuliza kama anaweza kupata samaki wawili kwa tangi la kwao.

Mwalimu Hadia alishika daftari juu wote walione. "Sufuri hizi za mwanzo Mardhiya alizitunga, na zilikaribia kuwaficha mbu nyumbani kwao. Hii ya mwisho ameiona kwa macho yake. Sayansi ni hiyo, wanangu: kutazama, halafu kusema kweli ya ulichokiona, hata kama kinakuaibisha."

Kisha akamrudishia daftari, na Mardhiya akalifungua ukurasa mpya.