Mshale Ulipanda Gari Likiwa Limezimwa

Jua lilikuwa limekwisha zama, na fundi wa umeme wa magari, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Soketi, alikuwa akikunja nyaya zake afunge karakana. Mdogo wake wa kike akaingiza gari uani bila hata kupiga honi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala mtoto wake, kajikunja kama paka.

"Usifunge kwanza, dada. Nifungie geji ya joto, niende zangu."

"Geji si unayo kwenye dashibodi?"

"Mshale wake umekufa tangu nilipopewa gari. Halafu leo nimefungua rejeta, kavu! Hamna hata tone. Sijui nimetembea hivyo tangu lini."

Soketi akaguna. Gari lisilo na maji linachemka, linafuka moshi, linakuacha njiani ukiwa umeshika kiuno. Alifungua boneti, akapeleka kiganja kwenye injini kwa tahadhari, tayari kukirudisha haraka.

Hakukirudisha.

Injini ilikuwa baridi. Si vuguvugu, baridi. Baridi kama sakafu ya bafuni asubuhi. Na gari limetoka barabarani sasa hivi.

"Tatizo ni moja," mdogo wake akasema kwa sauti ya chini. "Shemeji alisema dashibodi isiguswe na fundi yeyote isipokuwa wake. Nimemtumia ujumbe kumwomba ruhusa."

Soketi alihisi damu ikimpanda kichwani. Shemeji mwenyewe alikuwa kaka mkubwa wa mume wa mdogo wake, tajiri wa magari ya abiria. Watu walimwita Marashi kwa sababu harufu yake ilifika kabla ya salamu yake. Ndiye aliyelitoa gari hilo zawadi, mbele ya wageni, wakapiga makofi. Siku ile Soketi alijitolea kulikagua. Marashi akamcheka mbele za watu: mama huyu abaki na balbu zake.

"Ruhusa?" Soketi alisema. "Gari ni lako, fundi ni dada yako, ruhusa ya nani? Sogea huko!"

Akawasha taa ya mkononi, akachukua bisibisi, akaingia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alifungua skrubu za fremu nyuma ya usukani, akakivuta kile kisanduku cha mishale taratibu ili asikate nyaya. Akapata nafasi nzuri ya geji mpya kando ya mshale wa mwendo, akaitobolea, akaipachika. Waya wa moto, waya wa hasi. Sensa mpya, ya kupima joto la injini, ilikuwa bado ndani ya pakiti yake. Akaona waya wa zamani, ule uliopaswa kuleta habari za joto kutoka kwenye injini, akaushika kwenye geji kwa muda tu, ajue kama bado mzima.

Nyuma yake mtoto alikohoa.

Mtoto huyu walimpa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Alizoea kuuliza maswali mpaka mtu ujifanye umelala. Sasa ilikuwa wiki ya ngapi haongei. Homa ilimshika kila jioni, ikamchoma mpaka midomo ikapasuka, usiku ikaondoka yenyewe. Zahanati walipima damu, wakapima tena, wakatoa dawa, wakabadilisha dawa. Hawakuona kitu.

"Anaungua tena," mama yake alisema, mkono kwenye paji la mtoto.

Soketi alikuwa akiitazama geji.

Mshale ulikuwa unapanda.

Akaangalia swichi. Ufunguo haukuwepo, ulikuwa mfukoni mwa Soketi mwenyewe. Injini imezimwa, tena ni baridi. Mshale ukapanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo... ukapita thelathini na saba... thelathini na nane... ukasimama kwenye thelathini na tisa. Pale ukawa unatetemeka.

"Mpime mtoto," Soketi alinong'ona.

"Eti?"

"Una kipimajoto kwenye mkoba. Mpime!"

Walingoja. Kipimajoto kikalia. Mdogo wake akakisogeza kwenye mwanga, akakitazama, akaitazama geji. Alikaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye oili, na gauni lake la kazini.

Thelathini na tisa.

Soketi alitoka, akaufuata waya ule upande wa injini. Ulikuwa umekatwa. Ncha yake ilining'inia hewani, imezungushiwa tepu nyeusi kwa ustadi. Basi kama haileti habari za injini, inaleta za nini? Akarudi ndani, akapitisha mkono nyuma ya dashibodi, akaufuata kwa vidole gizani, inchi kwa inchi... kuna mahali waya uliungwa na mwingine mwembamba... na huo mwembamba ukaishia kwenye kitu laini.

Kitu kilikuwa na joto.

Akakishika. Kifurushi kidogo cha kitambaa, kimebanwa katikati ya vyuma. Akakibana avute.

"Mama mkubwa..." Sauti ilitoka kiti cha nyuma, kavu, nyembamba. Mtoto hakufumbua macho. "Mama mkubwa, unanibana."

Soketi akaachia. Nywele zilimsimama mpaka za mikononi. Harufu ikajaa ndani ya gari, harufu ya nywele zilizoungua. Na baada ya hofu, badala ya kukimbia, akapandwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua, hasira iliyomtuliza mikono kabisa. Alikitoa kifurushi kile kama mtu anayetoa yai kiotani, bila kukibana, waya ukiwa bado umeunganika, akakilaza juu ya usukani.

Simu ya mdogo wake ikaita. "Shemeji," akasema.

"Usipokee. Atakuja mwenyewe."

Na kweli, hata taa za mtaani hazijawaka zote, harufu ya marashi iliingia uani. Kisha akaingia yeye, suti safi, ndevu zimechongwa vizuri. Aliona kisanduku cha mishale kimechomolewa. Akaona kifurushi. Akasimama.

"Nilisema kisiguswe," alinong'ona.

"Ni nini hiki?" Soketi akauliza.

"Rudisha kilipokuwa. Nitawapa gari jingine."

"Nimekuuliza, ni nini hiki!"

Marashi alitazama lango, akasogea karibu. "Usipige kelele. Umewahi kusikia gari langu limeungua? Limechemka? Joto haliishi, fundi. Wewe unajua. Linahamishwa tu. Magari yote yako barabarani saa hizi, yana abiria. Joto la injini zake lazima liende mahali."

"Liende kwa mtoto?"

"Lazima awe wa damu yetu."

"Una damu yako mwenyewe! Una watoto wako!"

Marashi akarekebisha mkono wa shati lake. "Wangu walikwisha," alisema.

Alisema hivyo, kama mtu anayesema sukari imekwisha.

Pale sakafuni mama wa mtoto alitoa mlio ambao Soketi hakuusahau tena. Si kilio. Soketi alinyoosha mkono kuchukua koleo la kukatia nyaya.

"Ukikata," Marashi akasema upesi, "lote linabaki ndani ya mtoto. Usikate. Nakuomba."

"Sikati. Nalihamisha tu, kama ulivyosema."

Alimrukia. Hakuna aliyetegemea, hata yeye mwenyewe. Alimsukumiza mpaka mgongo ukagonga mlango wa gari, akambana shingo kwa kiwiko, na kwa koleo akazishika ndevu zake za kidevuni akazing'oa, fungu zima, na ngozi kidogo. Marashi alipiga yowe, akamsukuma, akateleza kwenye oili. Mdogo wake Soketi akainuka kutoka sakafuni, akamkalia kifuani kwa uzito wake wote. Mwanamke yule yule aliyekuwa akiomba ruhusa.

"Fanya, dada!" alisema. "Fanya!"

Soketi alilifungua fundo kwa ncha ya bisibisi. Kitambaa kilikuwa cha njano, chenye maua madogo, kipande cha gauni la Chiriku lililopotea kambani. Ndani yake mlikuwa na jivu jeusi na jino. Jino la utoto, dogo kama punje ya mchele. Mshale wa geji ukaruka ukagonga mwisho. Mtoto akanyooka kwenye kiti, mgongo ukainuka, macho yakageuka meupe...

Akalitoa jino. Akatia ndevu za Marashi, na damu yake. Akafunga fundo.

Kimya.

Mshale ukaanguka mpaka chini kabisa. Mtoto alishusha pumzi ndefu, jasho likamtiririka, akafumbua macho. "Kwa nini mama amemkalia baba mkubwa?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mshale ulikuwa umeanza kupanda upya.

Marashi alilihisi joto kabla ya kuuona mshale. Alijinasua, akafungua kifungo cha shati, akafungua cha pili. Uso ukambadilika rangi. Marashi yake yakaanza kunuka vibaya, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. "Toa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Magari ni mengi... yote yako barabarani... toa!" Soketi akamtazama tu. Alikimbia nje akijivua koti. Walimwona kwenye bomba la jirani, ameingiza kichwa chini ya maji, watu wakimcheka wakidhani amelewa. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu maji yalikuwa yanafuka moshi.

Soketi alirudi ndani ya karakana, akamkuta mdogo wake ameshika lile jino kiganjani. Mtoto alikuwa akinywa maji, chupa ya pili.

"Hili nililiweka kwenye kikopo," mdogo wake alisema taratibu. "Ndani ya kabati chumbani kwetu, chini ya mashuka. Nilifunga kabati mwenyewe."

"Nani anajua?"

Kabati lile lilikuwa na watu wawili tu wenye ufunguo.

Simu ikaita. Jina la mume wake. Aliitazama ikiita, kisha akaipokea, akaiweka sauti ya nje.

"Mmefungua dashibodi?" Mume aliongea kwa kunong'ona, akihema. Hakumuulizia mtoto. "Niambie hamjafungua."

Mke wake akaisogeza simu mbali na mtoto.

"Mama Chiriku, nisikilize. Kaka aliniambia ni homa tu. Homa za kawaida, zinakuja zinaondoka. Nyumba tumejengewa, gari tumepewa... Rudisheni kama kilivyokuwa. Leo tu, halafu tutazungumza. Mimi na kaka ni damu moja, unaelewa? Ni damu moja." Ikasikika sauti ya dirisha likifunguliwa kwa nguvu. "Nasikia joto. Mke wangu, nasikia joto sana."

Mdogo wake Soketi alimtazama mtoto, midomo yake iliyopasuka, mikono iliyobaki mifupa.

"Basi vua shati," alisema, akakata simu.

Soketi aliinama achomoe waya, joto jipya lisiwafikie tena wale ndugu wawili. Mkono ulifika, ukashika kiungo, ukasimama hapo. Mdogo wake alikuwa anamwangalia. Kule barabara kuu magari ya abiria yalikuwa bado yanapita, moja baada ya jingine, na kila lilipopita, mshale ulisogea kidogo.

Soketi akauacha waya ulivyo, akazima taa.