Dola ya Harlan Ostrander

Saa 3:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi, Winnemucca. Rhonda Pruett alipanga picha tatu juu ya tairi lililolazwa. Nyumba. Barabara. Mwanamke mzee akiwamwagia kuku chakula.

"Verna Ostrander," alisema. "Mjane. Mumewe, Harlan, alifuga ng'ombe na kukusanya dola za zamani za fedha. Kaacha sitini na mbili. Mnunuzi anatoka Salt Lake, anafika saa nane mchana. Sisi tunafika saa sita. Nimempigia mjane simu. Anaamini ofisi ya mnunuzi inatuma watu wa kukagua kwanza, ndio sisi."

"Tubebe zote," alisema Cully, mdogo wake.

"Utabeba ujinga wako. Kila moja imefungiwa kwenye kikasha cha plastiki chenye daraja na namba. Kampuni iliyozipima ina orodha. Zikitokea sokoni zote kwa mpigo, tumenaswa. Tukibeba tano hivi, tukauza moja Texas, nyingine Florida, hakuna atakayeuliza. Halafu mzee yule miaka ya mwisho alinunua hovyo mtandaoni. Vikasha vingine feki. Ndiyo maana tuko na Mzee Del."

Delbert Haskew alikaa kwenye ndoo, kofia mapajani. Miaka kumi na tisa aliajiriwa na kampuni ya namna hiyo, akikaa chini ya taa, akitazama sarafu moja baada ya nyingine na kuzipa alama kati ya sabini. Pombe ndiyo iliyomtoa pale. Macho yalibaki mazima.

"Na yule mama?" aliuliza.

"Cully atakaa naye."

Del alitazama sakafu. Hata kule Boise ilisemwa hivyo hivyo. Oktoba ya mwaka juzi, Cully alikaa na mwenye duka la sarafu, Arvid Tveit, huku Del akichagua sarafu chumba cha pili. Alisikia pumzi za yule mtu kupitia ukutani kwa dakika kumi na moja. Nzito, zenye maji ndani. Hakuinuka. Kisha hakusikia kitu. Tangu hapo, kila alipoinamisha sarafu chini ya taa, pumzi zile zilianza upya.

Alishajaribu kujitoa. Cully akaenda kwa dada yake Del huko Elko, akanywa kahawa sebuleni, akasifu mapazia, akaondoka. Del akarudi kazini.

Saa 5:25 asubuhi

Theluji ya jana ilikuwa imeganda barabarani. Cully aliendesha. Bastola ilikuwa ndani ya koti, upande wa kushoto.

"Babu, mbona kimya?" alimtania kupitia kioo. "Unamwombea mjane?"

"Tazama barabara."

"Usiwe na shaka. Huyu hatachukua muda kama yule."

Rhonda hakugeuka. "Funga mdomo, Cully."

Saa 6:05 mchana

Verna Ostrander alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa sweta la kiume lililochakaa viwiko. Aliwatazama miguuni kabla ya kuwatazama usoni.

"Viatu mlangoni. Harlan kafa, sheria zake hazijafa."

Wakavua. Hata Cully. Soksi yake ilikuwa na tundu kidoleni. Yule mama akaliona, akamhurumia.

"Huna mke wewe?"

"Sina, mama."

"Inaonekana. Kaa. Kuna mkate wa mdalasini."

Vikasha vilikuwa kwenye masanduku mawili ya viatu, mezani jikoni. Del alivuta taa, akatoa lenzi. Rhonda alisimama nyuma ya bega lake. Cully alikaa karibu na mama, akitafuna.

Del alianza. Ya kwanza, iliyopigwa New Orleans, sura imefifia juu ya sikio. Ya pili, imewahi kusuguliwa. Inang'aa kama sufuria, mng'ao uliokufa. Ya tatu, kikasha feki. Herufi za lebo zimenenepa. Alifanya haraka, kimya, akiweka nzuri kulia na mbaya kushoto.

Pumzi zilianza kwenye ya tisa.

Hakuinua kichwa. Alijua hakuna mtu. Alijua pia kwamba zinatokea ukutani, nyuma ya jokofu, dakika ya kwanza, ya pili.

"Una baridi?" aliuliza Verna. "Umejikunyata."

"Ni uzee, mama."

"Uzee ninaujua. Huo si uzee."

Ya kumi na saba ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha flaneli. Imepigwa Carson City, mwaka 1889. Lebo ilisema sitini na nne. Del aliinamisha kikasha. Mwanga ukatembea juu ya fedha, ukazunguka duara zima bila kukatika, kama tairi linalobingirika. Shavu la yule mwanamke wa kwenye dola lilikuwa safi, isipokuwa alama moja ndogo kama mkato, chini ya taya. Upande wa pili, kifua cha tai kilikuwa na kila unyoya. Miaka kumi na tisa alishika sarafu kama hii mara mbili tu. Aliyeandika sitini na nne alikuwa ameibania. Thamani yake, nyumba.

"Hiyo ndiyo aliyoipenda," alisema Verna. "Aliuza ng'ombe kumi na wanane. Nikamnunia mwezi mzima. Jioni anaitoa, ananiambia, Verna, njoo uone, nami nasema nina vyombo."

Rhonda alipiga picha kikasha kizima, lebo na sarafu, kwa simu. "Vipi, mzee?"

Cully aliacha kutafuna. Alifuta vidole kwenye suruali, polepole. Mkono ukaenda kwenye koti.

Pumzi ziliongezeka. Dakika ya tisa. Del alimtazama yule mama na sweta la mumewe. Pakikosekana cha kuiba, hakuna wizi. Pasipo wizi, hakuna wa kunyamazishwa.

"Feki," alisema.

"Ipi?"

"Hii. Na hizi zote za kulia. Nilidhani nzuri, lakini hii imenionyesha. Vikasha vimetoka kwa fundi mmoja. Humu hamna kitu cha kuturudishia hata mafuta ya gari."

Verna aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Kumi na wanane," alisema. "Basi walimwona mjinga."

"Samahani, mama."

"Na mimi nilimnunia. Ningemzuia kabisa." Macho yalimjaa, akayafuta kwa kiwiko cha sweta. "Vaeni viatu mwende."

Rhonda alimtazama Del muda mrefu. Kisha akamtikisia Cully kichwa. Hapana.

Saa 6:50 mchana

Walikwenda kilomita kumi na tano. Bondeni hapakuwa na mtandao. Walipopanda mlima simu ya Rhonda ilikoroma, mtandao umerudi. Aliandika namba ya ile lebo aliyoipiga picha. Kampuni huweka mtandaoni picha ya kila sarafu iliyoipima.

Alikuza picha. Akakuza na ile aliyoipiga mwenyewe.

"Alama ya mkato," alisema. "Chini ya taya. Ni ile ile." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama aliyechoka. "Cully. Geuza gari."

"Na huyu?"

"Huyu atabaki huko huko na yule mama."

Cully alicheka, akapunguza mwendo, akaanza kukata kona. Del hakuwaza. Alijirusha kutoka kiti cha nyuma, akashika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kwake kwa uzito wake wote. Bastola ililia mara moja ndani ya gari. Barafu ikawachukua. Wakapinduka mara mbili, wakatua mtaroni, magurudumu juu.

Saa 7:35 mchana

Gari la kijivu lilisimama. Alishuka mtu mnene mwenye miwani, akateleza hadi mtaroni. Alimkuta mwanamke amebanwa mguu, analia akiita jina moja tu, Cully. Dereva alikuwa hatikisiki, shingo imekaa vibaya. Mzee mmoja alikaa kwenye theluji, ameshika tumbo, damu ikipita kati ya vidole.

"Usiongee, mzee. Nimeita msaada." Alivua koti, akamfunika.

"Unatoka Salt Lake?"

Mtu yule alishtuka. "Naitwa Jessop. Umejuaje?"

"Unakwenda kwa mama Ostrander. Sisi tumetoka kwake." Del alisubiri maumivu yapite. "Polisi wakija, waambie niulizwe habari za Boise. Arvid Tveit. Nisipofika hospitali, wamuulize huyo mwanamke."

Jessop alirudi hatua moja. Alitazama gari, akatazama mkono wa dereva uliotokeza dirishani, na bastola iliyokuwa karibu nao kwenye theluji.

"Mmemfanya nini?"

"Mzima. Nimemdanganya tu." Del alimshika pindo la suruali. Nguvu zilikuwa chache, na bado zilikuwepo zile pumzi, karibu kuliko siku zote. Hakujua tena kama ni za Tveit au zake. "Ile ya Carson City. Lebo inasema sitini na nne. Ni sitini na tano. Usimbanie."

"Sitambania."

"Na umwambie mama kwamba mumewe hakuibiwa. Anza na hilo. Kabla hujavua viatu."