Gari la Kitanda

Jioni hiyo Mzee Meno alitoka kwenda kununua gundi tu.

"Mama, nachungulia dukani mara moja, narudi," alimwambia mkewe huku akimpandishia shuka kifuani. Hakujibiwa, wala hakutarajia kujibiwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu mkewe yuko kitandani. Kiharusi kilimlaza upande wa kushoto, kikampinda mdomo, kikamfunga ulimi. Alichobakiwa nacho ni macho, na mguno mmoja mfupi ambao mumewe peke yake ndiye aliyeuelewa. "Nnh" moja ilikuwa maji. Mbili, nigeuze.

Jina la Meno alipewa na kazi. Miaka thelathini na minne alitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, hata watu wakamtania kwamba nusu ya mtaa inatafuna kwa hisani yake. Alipostaafu, vidole vikakataa kukaa bure. Akaangukia kwenye vigari vya plastiki vya kuunganisha, tena si vya kawaida: vile vilivyoiga magari ya maonyesho ya zamani, yaliyobuniwa kuwachekesha watu. Gari la beseni la kuogea. Gari la piano. Gari la buli, injini yake kubwa kuliko abiria. Alivipanga kabatini mbele ya kitanda, na enzi za uzima wake mkewe alikuwa akivicheka mpaka anashika mbavu.

Alipotoka dukani na gundi yake, mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio mweusi alimzuia mlangoni.

"Wewe ndiye unayeunganisha vigari?"

"Ndiye mimi, dada."

"Chukua." Alimsukumia boksi kifuani. "Mume wangu alikuwa nayo mawili. Moja alilimaliza kabla hajafa. Hili sitaki hata senti."

Mzee Meno aliligeuza kwenye mwanga wa duka. Juu ya boksi palichorwa kitanda cha chuma chenye magurudumu manne manene, injini mchagoni, upande wa kichwa, na mtu mdogo amelala chali. Gari kama hilo hakuwahi kuliona popote. Moyo ulimruka kama wa mtoto. Alipoinua macho ashukuru, mwanamke alikuwa ameshafika mwisho wa barabara, anatembea upesi, hageuki nyuma.

Asubuhi alikaa kando ya mkewe, akakata vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki iliyovishikilia, akaanza. Aliunganisha magurudumu kabla ya chai. Alipomgeuza mkewe, aliona kidole gumba cha mguu wa kushoto kinacheza.

Akadhani macho yake yanamdanganya.

Siku ya pili aliweka injini. Mkono wa kushoto, uliokuwa mzito kama gogo, ukafumba na kufumbua. Siku ya tatu akabandika mabomba ya moshi, na mdomo wa mkewe ukaanza kunyooka. Mzee mzima alilia kwa kwikwi. Hakujiuliza sana. Nani angejiuliza?

Siku ya nne kilibaki kipande kimoja: yule mtu mdogo.

Alimshika kwa kibano, akampandisha kwenye mwanga wa dirisha. Siku ya kwanza sura ile ilikuwa laini kama yai. Sasa ilikuwa na mdomo. Mdomo uliolegea upande wa kushoto. Mtu aliyetazama vinywa vya watu miaka thelathini na minne hawezi kukosea kinywa cha mkewe.

"Nnh," mkewe aliguna. "Nnh... nnh..."

Mitatu.

Miguno mitatu hakuwahi kuisikia. Aligeuka, akamwona amemkodolea macho, machozi yanamtiririka masikioni. Anafurahi, alijiambia. Ananihimiza. Akatia tone la gundi, akamlaza yule mtu mahali pake, akambana kwa kidole huku akihesabu mpaka ishirini.



"Asante, Baba."

Sauti ilitoka nyuma yake. Mkewe alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, miguu peku. Alimkumbatia. Pumzi yake ilinuka gundi.

Kwa siku mbili Mzee Meno alijitahidi kufurahi. Lakini yule aliyeinuka hakulala. Usiku kucha aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anamtazama. Alipoonyeshwa gari la buli hakucheka. Aliuliza tu, "Hili lina mtu ndani?"

Siku ya tatu, yule aliyeinuka alipoenda kuoga, Mzee Meno alichukua kisu chembamba. Alijua vizuri kwamba gundi ile haishiki tu. Inayeyusha plastiki, vipande viwili vinakuwa kimoja. Hata hivyo alijaribu. Aliingiza ncha chini ya mgongo wa yule mtu mdogo, akasukuma kidogo.

"Nnh!"

Haikutoka bafuni.

Ilitoka mkononi mwake.

Alikaa sakafuni, kigari sikioni. "Nnh," ilisema sauti kwa mbali, nyembamba kama ya mbu. Moja. Maji. Na yeye hakuwa na mahali pa kuyamimina.

Alimtafuta mwanamke wa mtandio mtaa kwa mtaa, akamfikia kabla ya jua kuzama. Mlango ulifunguliwa upana wa kiganja.

"Ulijua!" alinong'ona Mzee Meno.

"Mwanangu alikuwa mgonjwa," mwanamke alinong'ona. "Baba yake alimaliza gari, mtoto akainuka. Tulipogundua, mume wangu akalivunja kwa nyundo. Sauti ya mwanangu ikanyamaza. Huyu aliyeinuka akabaki. Kesho yake mume wangu hakuamka."

"Sasa kwa nini ukaniletea mimi?"

"Huyu ndiye aliyenituma. Alisema yuko peke yake."

Nyuma ya bega lake, gizani, mtu alikuwa amesimama kimya. Harufu ya gundi ilipenya mlangoni. Mlango ukafungwa.

Alirudi nyumbani akijikokota. Taa zilikuwa zimewashwa, na mkewe, kama ni wa kuitwa mkewe, alikuwa anaongea kwa simu ya Mzee Meno, kwa sauti tamu ile ile ya miaka ya nyuma. Upande wa pili alisikika binti yao, mpima ardhi anayeishi safari ya siku moja kutoka hapo. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, ni wewe kweli? Unatembea?"

"Natembea, mwanangu. Njooni. Njoo na watoto wote, nimewakumbuka."

"Kesho tumo ndani ya basi! Nipe Baba."

Alimnyooshea simu kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishika kigari, na kidole gumba kilikuwa kimetulia juu ya shingo ya yule mtu mdogo. Hakukibonyeza. Alikiacha hapo tu, akatabasamu.

"Baba? Mbona kimya? Hufurahi?"

Mzee Meno alifungua kinywa. Kidole kikasogea kidogo.

"Nnh," ilisikika, nyembamba.

"Nimefurahi, mwanangu," alisema. "Njooni."