Kiraka cha Mgongoni

Rafiki yangu Twaha, fundi cherehani wa Lituhi, alikuwa na kipaji kimoja: ukimsimamishia mkanda wa kutisha kwenye picha moja tu, anakutajia filamu.

Alasiri moja alimpelekea suruali Abdulkarimu, mwenye kibanda cha video. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta linanguruma nje. Walikuwa wawili tu.

"Mkanda huu umeingia leo kutoka Mbinga," Abdulkarimu alisema, akausimamisha. "Haya fundi, filamu gani?"

Picha ilionyesha watu wawili kwa nyuma, wamekaa gizani mbele ya televisheni. Shati la mmoja lilikuwa na kiraka mgongoni. Twaha aliujua mshono ule. Alikuwa ameushona asubuhi, kwenye shati alilovaa.

"Siijui," akanong'ona.

Jenereta likazimika. Picha ikabaki inawaka, na migongo sasa ilikuwa mitatu.